Pembe ya Saba

"Bibi, siku ile ulilia?"

Nilikuwa na miaka minane nilipomuuliza hivyo. Nilikuwa nimerudi kutoka shuleni na kitabu cha historia cha darasa la tatu. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja kuna picha ya mwanamke ameinua uso, machozi yanamtiririka mashavuni kama mifereji miwili. Chini yake wameandika: "Mama wa Pembe akimwaga machozi ya ushujaa, mwaka wa tano wa Muungano." Huyo Mama wa Pembe ndiye bibi yangu. Lakini mwanamke wa kwenye picha ana meno yote, na bibi hana meno ya mbele ya juu. Yaling'olewa alipovunja ungo, kama walivyofanyiwa wasichana wote wa bonde letu siku zile. Kwa hiyo kitabu nilianza kukitilia shaka kuanzia kwenye meno.

Bibi alikuwa amekaa kizingitini na nchelwa yake, kile kiko cha kibuyu ambacho moshi hupita kwenye maji kabla ya kufika kinywani. Akaivuta mpaka maji yakagugumia. Akatoa moshi puani.

"Mke mwenza," akaniambia, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, "hebu kaniletee kaa la moto."

Nikaleta. Akanituma maji. Nikaleta maji. Akanituma kwa jirani nikaulize kama mbuzi wamerudi, na mbuzi niliwaona kwa macho yangu wamelala pale uani. Nilipomaliza kutumwa jua lilikuwa limekwisha, na yeye akadhani nimesahau. Sikusahau.

Jina lake ni Nchimunya, ila kila mtu humwita Bina Cheelo, yaani mama yake Cheelo, na Cheelo ni baba yangu. Alizaliwa Syakalinda. Ukitaka kuona Syakalinda leo itabidi uzamie, maana iko chini ya ziwa. Zamani pale palikuwa na mto tu, na watu wa kusini na wa kaskazini walivuka kwenda kuombana chumvi. Walipojenga bwawa maji yakapanda. Watu wakapakiwa kwenye malori, wengine wakapelekwa upande huu, wengine upande ule. Bibi alikuja huku kaskazini na mumewe. Kaka yake wa pekee, Mweetwa, akaenda kusini na watu wa mkewe. Walikuwa wakipikiwa chungu kimoja, sasa kuonana ikawa safari ya nusu siku majini.

Baba yao alikuwa mchonga pembe za ngoma ya maziko, na hapa nieleze kidogo. Kwetu pembe moja ina sauti moja, basi. Ni pembe ya tandala au palahala, unaipuliza inasema neno lake, unanyamaza, mwenzako anasema lake. Zikiwa nane, zikiingia kwa zamu bila kugongana, unasikia wimbo ambao hakuna mtu hata mmoja anayeupiga. Wimbo wa Syakalinda ulikuwa wa Syakalinda peke yake. Aliyezaliwa pale alizikwa nao, hata kama kijiji chenyewe kilikuwa kimekunywa maji. Kupuliza ni kazi ya wanaume. Wanawake tunaimba na kutikisa njuga. Lakini bibi alikulia kwenye vumbi la pembe za baba yake, na zote nane alikuwa nazo kichwani.

Sasa vita. Muungano ulikuwa umeanzia Kairo na kushuka mpaka kwenye ufuko wetu, nchi moja, bendera moja, jeshi moja. Ng'ambo ya ziwa walowezi wakakataa kuingia. Walibaki na serikali yao, polisi wao na boti zao za doria. Basi jeshi la Muungano likawa linapenyeza vikosi vidogo vikapigane huko msituni, na kwenye mwaka wa nne watu kumi na wawili wakaletwa kijijini kwetu wasubiri nafasi ya kuvuka. Mkuu wao alikuwa Kapteni Wondimu, Mhabeshi mrefu, mpole, aliyekaa bondeni mpaka Kitonga chake, lugha yetu, kikatosha kuombea maji na kuulizia njia. Wengine walitoka kila pembe ya bara. Bibi anasema walikuwa hawafanani hata wanavyochuchumaa.

Kuvuka kulikuwa na mlango mmoja tu. Walowezi waliwahi kupiga risasi mitumbwi ya watu waliokuwa wakienda kuzika, pakawa na kelele dunia nzima, wakaweka sheria: watu wa msiba wavuke mchana, na pembe zilie tangu katikati ya ziwa mpaka nchi kavu, ili boti ziwatambue. Kapteni alipoisikia sheria hiyo akaenda kwa wazee. Wazee wakakataa. Ngoma ya marehemu kufundishwa wageni? Akaenda kwa bibi.

"Kufundisha nitafundisha," bibi akamwambia. "Pembe za baba yangu zinaliwa na mchwa, afadhali zipate pumzi."

"Asante, mama. Basi tukishajua, tutafanya kama kuna msiba. Nani atagundua?"

"Nitagundua mimi. Na ukimwombolezea mtu aliye hai unamwita aende. Utangoja msiba wa kweli."

"Nitangoja mpaka lini?"

"Hilo usiniulize mimi."

Wakajifunza nyuma ya ghala la mtama, pembe nane na ngoma nne. Waliokuwa hawajui muziki kabisa walishika upesi, maana walifanya walichoambiwa. Aliyemtesa bibi alikuwa fundi. Jina lake Senyo, Muewe wa pwani ya Volta, aliyepiga ngoma tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Akapewa pembe ya saba. Kila akisikia mahali patupu, yeye anapajaza.

"Nani kakutuma huko?" bibi akamuuliza.

"Mama, hapo pako wazi."

"Si wazi. Hapo ni pa pembe ya nane. Kaa kimya umwone anavyoingia."

"Na asipoingia?"

"Hiyo ni aibu yake. Wewe una sauti moja, imetosha. Unataka kula na sahani ya mwenzio?"

Wenzake wakamcheka mpaka akacheka naye. Siku iliyofuata akapajaza tena.

Miezi ikapita na hakuna aliyekufa. Kijiji kizima kilijua wageni wanangoja nini, na wazee wakaacha kukohoa mbele yao. Mzee Haangoma, jirani yetu, alikuwa akilalamika: "Nikipiga chafya tu wananitazama kama watu wanaotazama sufuria." Bibi naye siku moja aliumwa kichwa, Senyo akamletea uji wa ukwaju. Akamwambia, "Weka hapo uende. Mimi bado nipo."

Halafu, mwaka wa tano, asubuhi moja ya kipupwe, wapwa zake wawili wakaja na mtumbwi kutoka kusini. Waliposhuka hawakusalimia, na bibi akajua. Mweetwa alikuwa amekwenda kukata miti ya kujengea zizi, akakutana na nyati aliyejeruhiwa. Hakufika nyumbani.

Bibi akakaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, kama wanavyokaa wafiwa. Kapteni Wondimu akaja, kofia mkononi.

"Pole, mama. Nimekuja kukuambia tumeuvunja mpango. Huu ni msiba wako. Sisi tutangoja."

"Mtangoja nini?"

"Mwingine."

"Mwingine nani?" bibi akamuuliza. "Mtu hafi akawa si wa mtu. Yeyote utakayemngoja ana dada yake."

Baba yangu, aliyekuwa na miaka kumi na minne wakati huo, anasema ndipo bibi akasema watakwenda, ila kwa masharti. Bunduki haziingii matangani. Watapuliza mpaka kaburini, hakuna kuchepukia msituni katikati ya njia. Na hawatasema uongo.

"Sasa tukiulizwa tumefuata nini?"

"Semeni mmekuja kumzika Mweetwa."

"Mama, hatumjui Mweetwa."

"Kaeni chini, basi."

Wakakaa, wote kumi na wawili, na mchana kutwa bibi akawahadithia kaka yake. Kwamba alikuwa anaogopa chura, mtu mzima anaruka juu ya kigoda. Kwamba alikuwa akipiga mluzi kwa pua. Kwamba siku ya malori alikataa kupanda mpaka wampakie na mlango wa nyumba yake, na mlango huo akauweka kusini kwenye nyumba ambayo haukuenea. Senyo aliuliza, ulibaki na pengo juu au chini? Bibi akasema juu, nyoka walikuwa wanapita. Hapo ndipo mmoja wao, Msudani mkimya aliyepiga ngoma ndogo, akainamisha kichwa magotini. Bibi akamwacha. Akaona sasa wanaweza kwenda.

Bunduki zao zilivuka siku nyingine chini ya samaki wakavu, na waliozivusha wana hadithi yao.

Wakavuka mchana mweupe, mitumbwi minne, wanaume na pembe, wanawake na njuga. Katikati ya ziwa boti ya doria ikawazunguka mara mbili. Pembe zikalia. Bibi alikuwa mtumbwi wa mbele, anaimba huku anahesabu, kwa sababu alikuwa anamwogopa Senyo kuliko boti.

Na ufukoni palikuwa na kitu cha kuogopwa zaidi. Palikuwa na ofisa mmoja wa walowezi, kijana, pua imebabuka kwa jua, ambaye hakujua Kitonga hata neno. Na pembeni yake alisimama Konstebo Siamalambo, Mtonga mwenzetu, aliyewekwa pale kwa ajili ya masikio yake. Kazi yake haikuwa kutazama watu. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kama ni Watonga kweli. Alikuwa amezaliwa kijiji cha jirani na Syakalinda. Huo wimbo aliujua.

Wakashuka, wakajipanga, wakaanza kupanda njia. Pembe ya sita ikasema, ya saba ikasema, na Senyo, jasho limemjaa machoni, akasikia patupu. Akapajaza.

Pembe mbili zikagongana. Baba anasema ilikuwa kama mtu kukanyaga mguu wa mwenzake kanisani. Zamu ilipozunguka, akarudia lilelile. Siamalambo akageuza kichwa. Akamtazama Senyo miguu mpaka utosi, akashuka kwenye jiwe alipokuwa amesimama, akaanza kumwendea.

Ilibidi bibi afanye jambo, na hakuwa na kitu mkononi zaidi ya njuga. Lakini sisi ni ukoo wa mbuzi, na Siamalambo alikuwa ukoo wa fisi. Hao ni watani wetu. Mtani haombi ruhusa na hanuniwi, na kwenye msiba ndiyo hasa siku yake: anatukana, ananyakua, anazika. Fisi akikataa kumzika mbuzi, hata watoto wake hawatamsahau. Bibi akatoka kwenye mstari, akasimama mbele yake.

"Ee fisi," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "umesimama hapo mate yanakutoka. Umenusa maiti ya mbuzi?"

Watu wakanyamaza kuimba, ngoma zikaendelea.

"Kaka yako mwenyewe alikuwa mifupa mitupu," Siamalambo akajibu. "Nikimla leo, kesho naamka na njaa."

"Ufanye kazi ndiyo ule. Huyu kijana pembe inamshinda, huoni? Au ukivaa kofia ya watu unasahau kuzika watani?"

Ofisa akauliza kuna nini. Siamalambo akamjibu kwa lugha yao, "Wananitukana, bwana. Ni mila."

"Na wewe unafanyaje?"

"Mila inataka niwazikie."

Ofisa akacheka, akafungua chupa yake ya maji. Siamalambo akasogea mpaka kwa Senyo, akamnyang'anya pembe, akavua kofia yake ya polisi na kumpachika Senyo kichwani. Umati ukaangua kicheko. Kisha akamwinamia bibi sikioni, akasema neno ambalo hakuna aliyelisikia. Lazima lilikuwa tusi zito, watu wanasema, maana bibi alijifunika uso kwa kanga na mabega yakawa yanatikisika. Siamalambo akaitia pembe mdomoni. Ikasema neno lake, ikanyamaza, ya nane ikaingia, na wimbo ukapanda nao kilima mpaka kaburini bila kujikwaa tena. Senyo alifuata nyuma, mikono mitupu, na kofia ya polisi wa walowezi kichwani.

Hivyo ndivyo inavyosimuliwa bondeni, na hapo kwenye kofia ndipo watu hucheka hadi leo. Hata kitabu changu kinasema: "Askari mpumbavu wa walowezi aliwapulizia pembe wapiganaji wetu bila kujua."

Wale kumi na wawili walimzika Mweetwa, wakalala matanga mpaka yakaanuliwa, ndipo wakaondoka. Wiki mbili baadaye wakashambulia kituo cha polisi cha huko. Polisi watatu walikufa, wote Waafrika. Vita viliendelea miaka miwili zaidi, mpaka bendera ya walowezi ikashushwa. Kati ya wale kumi na wawili walirudi watano. Kapteni Wondimu alirudi bila mkono wa kushoto. Senyo hakurudi. Pembe ya saba inaning'inia nyumbani kwa bibi juu ya kitanda, na kila mwaka huipaka mafuta ya nguruwe isipasuke.

Waliwahi kumwita bibi kwenye Bunge la Muungano akasimulie. Alikwenda na nchelwa yake ndani ya ndege, na mhudumu alipomkataza asiiwashe, akaivuta hivyohivyo bila moto, njia nzima, maji yanagugumia. Bungeni akasimulia vizuri mpaka ufukoni. Hapo akasema, "Basi fisi akachukua pembe," akakaa. Wabunge wakacheka, wakapiga makofi. Nishani aliyopewa anaitumia kufungia mlango wa banda la kuku, kwa sababu anasema pini yake ni imara.

Siamalambo yeye alibaki kusini, akawa mvuvi. Watoto walimfuata ufukoni wakimwambia, "Puliza, fisi." Anajaza mashavu, anawapulizia hewa, wanakimbia wakicheka. Mara moja kila mwaka, baada ya mavuno, alivuka kuja kwetu kuiba kuku wa bibi, kama mtani anavyoruhusiwa. Bibi alimtukana mpaka kwenye mtumbwi. Lakini niligundua kitu: siku ya kuibiwa, kuku mnono kuliko wote alikuwa amefungwa mguu tangu asubuhi.

Kipupwe cha mwaka huu Siamalambo akafa, usingizini, mzee wa miaka sabini na kitu. Bibi alipopata habari akauliza boti inaondoka saa ngapi. Nilikwenda naye. Sasa nina miaka kumi na sita na niko kidato cha tatu, na mizigo yake nabeba mimi.

Msibani bibi alifanya kazi yake ya utani. Alivaa koti la marehemu, akachukua nyavu zake, akaigiza anavyotembea kwa goti bovu, anavyowadanganya samaki, anavyochagua kuku. Hata mjane alicheka. Kisha watu wakaanza kudai: "Bina Cheelo, ya pembe! Tuigizie alivyopumbazwa!"

Bibi akavua koti, akalikunja.

"Hiyo hapana," akasema.

Wakadhani amechoka. Nilimwona anawatazama wanawake watatu wazee waliokaa karibu na mjane, wakimshika mikono. Baadaye niliambiwa ni wajane wa wale polisi watatu. Walikuwa majirani wa Siamalambo. Miaka yote alikuwa akiwapelekea samaki.

Tulirudi na boti ya mchana. Katikati ya ziwa, mahali ambapo bibi husema ndipo ilipo Syakalinda, akapiga makofi ya polepole kusalimia walio chini, kama kawaida yake. Akatoa nchelwa, nikampa moto bila kutumwa. Nikaona nisipomuuliza leo sitamuuliza tena.

"Bibi, siku ile ulilia?"

Akavuta mara tatu. Nikangoja anitume kitu, lakini ndani ya boti hakukuwa na pa kunituma.

"Alijua," akasema. "Hicho kitabu chako kinamwita mpumbavu. Alijua kabla hatujagusa mchanga. Baadaye akaniomba nisiseme maadamu yu hai. 'Wale wajane watatu wananiita shemeji,' akaniambia. 'Niache niwe mjinga, mjinga haulizwi.' Nikamwacha. Sasa amekwenda. Uandike."

"Na kulia je?"

"Tangu wapwa zangu waliposhuka mtumbwini sikuwa nimetoa hata tone. Kutwa nahesabu, moja mpaka nane, moja mpaka nane, kaka yangu amelala huko juu anangoja, na mimi namsikiliza mtoto wa watu asikosee. Basi yule fisi akaninong'oneza: 'Hii nimeishika mimi, dada. Haitakosea. Wewe mlilie kaka yako.' Nikalia, mke mwenza. Nililia mpaka kaburini, na wao wakidhani nacheka."